Umeandika "uasi" mara kumi na tisa

Kipatimu, Kilwa
Julai

Mwanangu, somo yake bibi yangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, ila mama yako goti limemrudia, na ufuta tumeshaupeleka ghalani tunasubiri mnada. Ile kazi yako ya chuo kuhusu vita vya Maji Maji nimeisoma yote. Nakushukuru kwa kunifanyia ya Kiswahili. Kaka yako aliichapisha pale stendi, nikakaa nayo barazani mpaka adhuhuri. Barua hii naiandika kwa mkono kama nilivyozoea. Yeye ataipiga picha akurushie kwa WhatsApp.

Umeandika vizuri. Lakini nimehesabu kwa kalamu nyekundu, mazoea ya ualimu hayaishi: neno "uasi" umelitumia mara kumi na tisa. Mtoto humwasi mzazi, mja humwasi Mola wake. Sasa niambie, Wamatumbi walimkubali Mjerumani lini hata wamwasi? Bibi yangu alisema "vita". Sijawahi kumsikia mzee yeyote wa hapa akisema vinginevyo.

Wala sikucheki. Mimi nimefundisha darasa la sita miaka ishirini na nne, na kila mwaka nilisimama ubaoni nikawaambia watoto kwamba mganga aliwadanganya watu risasi zitageuka maji, wakaenda, wakafa. Dakika kumi, kengele ikalia, tukaingia kwenye hesabu. Nilikuwa nasoma kilichoandikwa na kumbe maelezo yale ni yale yale ya Götzen, gavana wa Kijerumani wakati ule, kwamba chanzo ni wachawi na waganga. Gavana alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Mimi sikuwa nayo.

Fikiri kidogo. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, huyo mganga wa maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Pamba ya Nandete, kijiji cha huku kwetu vilikoanzia vita, iling'olewa Julai, yaani siku chache tu nyuma. Kama vita vyote vilikuwa udanganyifu wa mtu mmoja, mbona mtu huyo amekufa mwanzoni kabisa na watu wakaendelea kupigana mpaka 1907, huku Umatumbi, Ungindo, Mahenge, hadi kwa Wangoni wa Songea? Maji hayakuzuia risasi, hilo halina ubishi. Ila watu walikuwa wakienda Ngarambe kufuata maji hayo ya dawa tangu 1904, makabila ambayo hayakuwa na mfalme mmoja wala lugha moja, na habari ikapita kijiji kwa kijiji bila Mjerumani kuinusa. Huku kwetu kunong'onezana huko kuliitwa njwiywila. Neno hilo kwenye kazi yako sikuliona. Liweke.

Na hii nakuandikia kwa sababu sijaikuta kitabuni. Mwaka 1968 nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Walikuja vijana wa chuo kikuu kutoka Dar es Salaam, wametumwa kukusanya habari za Maji Maji kwa wazee waliokuwa bado hai. Walikuwa na mashine ya kunasia sauti, kubwa kama sanduku la safari. Bibi alikuwa anapukuchua mahindi na hakuacha. Vita vilimkuta meno ya utoto ndiyo kwanza yanaanza kung'oka; mwaka hakuujua, aliujua kwa meno. Kijana mmoja akamuuliza, bibi, kwa nini mlipigana? Bibi akanyamaza muda mrefu, mpaka yule kijana akaitazama mashine kama imeharibika. Kisha akainuka, akaenda pembeni mwa ua palipokuwa na mbaazi, akainama, akaushika mche mmoja chini kabisa kwa mikono miwili, akauvuta. Udongo ukamwagikia miguuni pake. Akaja kuuweka juu ya meza, karibu na mashine. "Hivi," akasema. "Hawakufyeka. Waling'oa."

Pamba ukiikata inachipua. Ndiyo maana wale wazee wawili wa Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, walipoingia shambani hawakuchukua panga. Shamba lenyewe ni la kulazimishwa, na kiboko kilikuwa mgongoni wakati mihogo yako mwenyewe inaliwa na nguruwe. Huko Uzaramo mpango ulikuwa siku 28 za kazi kwa mwaka, na malipo yalipotoka yakawa senti 35, wengine wakakataa hata kuzipokea. Sijui mashine ya wale vijana ilinasa nini siku ile zaidi ya mlio wa mizizi na kuku.

Mambo ya pangoni aliyasema baadaye, jioni, kwetu sisi. Walijificha Nang'oma. Humo ndani hakuna aliyetwanga, kwa sababu mchi husikika mbali. Walikula ming'oko, viazi vya porini, waliyochimba usiku, na mtoto akilia mama alimziba mdomo kwa titi, liwe na maziwa au halina. Nje Wajerumani walikuwa wanachoma maghala na mazao yaliyo shambani. Waliojificha risasi iliwakosa, njaa ikawapata. Mama yake bibi ni mmoja wao.

Hapo kwenye idadi umepita haraka mno, nami nataka urudi. Upande wao wamehesabu: Wazungu 15, askari weusi 389. Upande wetu hesabu yao wenyewe ilikuwa 75,000, na Gwassa, mwanahistoria wetu, akakadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tazama pengo hilo, mama. Kati ya hesabu moja na nyingine wamepotea watu zaidi ya laki moja na nusu, na hapana daftari la kuwatafuta.

Lakini usije ukaniandikia hadithi ya malaika. Akida, msimamizi aliyewekwa na Mjerumani, aliyewachapa watu hapa alikuwa mweusi, na askari wale 389 nao weusi. Wangoni walikuwa wamewapiga na kuwateka jirani zao miaka mingi kabla Mjerumani hajafika, na wako waliokataa maji kwa sababu hiyo hiyo. Bibi alikuwa akimtaja kwa jina mtu wa ukoo wetu aliyewaonyesha askari njia ya kisima. Jina sitaliandika, wajukuu zake tunaswali nao msikiti mmoja.

Rais wa Ujerumani alipofika Songea Novemba 2023 na kuomba msamaha, nilisikiliza redioni. Jirani yangu aliuliza, na Nandete atakwenda lini? Tukacheka, ingawa si cha kuchekesha sana.

Sasa ile picha uliyopiga Berlin, umesimama chini ya yule mnyama wa mifupa, dinosaria wa makumbusho, umefika gotini kwake. Mama yako ameiweka kwenye simu yake na kila mgeni anaonyeshwa. Kimo chake ni zaidi ya mita 13, nawe umeandika kwamba "alipatikana Tendaguru". Alipatikana! Tendaguru ni hapa hapa kwetu Lindi, na kazi ya kumchimba ilianza 1909, miaka miwili tu tangu vita kwisha. Mifupa ilibebwa vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa, maelfu ya mizigo. Waliobeba ni watu waliotoka kwenye ile njaa, wengine labda walitoka mapangoni kama bibi. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Yeye ndiye aliyejua mfupa unachimbuliwaje bila kuvunjika.

Ukienda tena, usipige picha ya mnyama, tunayo tayari. Kipige kibao cha maelezo kilicho chini yake, kwa karibu, herufi zisomeke, na kama ni Kijerumani unitafsirie. Nataka kuona kama jina la Boheti limo.

Baba yako