Kaka, shamba haliuzwi kwa ajili ya mpako wa meno

Kaka Salum, shikamoo. Natumaini hamjambo nyote na mguu wa mama umepata nafuu. Huku Ujerumani mimi ni mzima, baridi tu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Shamba la Mkuranga haliuzwi ili rafiki yako daktari anunue mpako wa nano wa silva, yaani chembe ndogo mno za madini ya fedha zinazopakwa kwenye kipandikizi cha jino cha titani, na shangazi Mwanaidi aache kuniita bahili. Bati la jiko lake analijua lilitoka wapi. Kazi yangu ndiyo hiyohiyo, kupima kama mipako ya namna hiyo inaua seli za fizi. Utaratibu wanaoufuata wanafunzi wa maabara hii nimeuandika mimi, mtoto wa Mbagala. Mwambieni na hilo.

Karatasi ya muuzaji uliyonitumia inadai mpako ni "salama asilimia 100". Kaka, ili kupima, kipande cha titani kilichopakwa kinalowekwa kwenye maji ya lishe ya seli, saa 24, nyuzi 37. Kiwango cha kimataifa cha kupima vifaa vya tiba, ISO 10993-12, kinataka sentimita 3 za mraba kwa kila mililita, au 6 kikiwa chembamba chini ya nusu milimita. Muuzaji akiongeza maji, sumu inazimuka na kila kitu kinapita. Karatasi yake haitaji uwiano wowote.

Seli tunazotumia ni fibroblasti za ufizi wa binadamu, yaani seli zinazojenga nyuzi za nyama ya fizi, kama 10,000 kwa kila kisima, kwenye sahani ya plastiki yenye visima (vishimo vidogo) 96. Zinalala usiku kucha zishike chini, ndipo zinamwagiwa yale maji. Visima vya pembezoni tunavijaza maji ya chumvi tu, maana hukauka upesi na kuharibu hesabu. Kesho yake tunatia MTT, rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza fuwele za zambarau. Fuwele zinayeyushwa kwa kiyeyusho cha DMSO, mashine inasoma ukali wa rangi kwenye mwanga wa nanomita 570. Uhai ukishuka chini ya asilimia 70 ya seli ambazo hazikuguswa, ISO 10993-5 inahesabu kuwa ni sumu.

Balaa la silva liko hapo. Chembe zenyewe zinaweza kuigeuza MTT bila seli hata moja, kisima kikawa zambarau huku mle ndani ni maiti watupu. Lazima uwepo mstari wa visima vyenye chembe na rangi, bila seli, ili tofauti hiyo itolewe. Ukikimbilia LDH, kimeng'enya kinachovuja seli ikipasuka, ioni za silva, yaani chembe zake zenye chaji, hukilemaza na vifo havihesabiki. Halafu kloridi na protini za seramu, majimaji ya damu yanayotiwa kwenye lishe ya seli, hunasa ioni. Seramu ikizidi, mpako mbaya unaonekana malaika. Ndiyo maana hatuamini kipimo kimoja, na hadubini haikosi: fibroblasti yenye afya ni ndefu, imechongoka ncha mbili, imelala sambamba na wenzake. Iliyoumia hujiviringa na kung'oka.

Wauzaji wamepima MTT peke yake, mara moja, kwa L929, seli za panya. Kiwango kinaziruhusu, lakini panya hana kipandikizi cha daktari wako. Tena saa 24 tu, wakati mgonjwa atakaa nacho miaka akipiga mswaki na kula ndimu.

Mwulize vitu vitatu: silva kiasi gani inatoka kila siku, na baada ya kusuguliwa? Visima visivyo na seli viko wapi? Mabaki ya kuta za bakteria yamepimwa? Hayo huvimbisha fizi hata silva ikiwa haina kosa. Akileta majibu kwa maandishi tutazungumza, bila shamba kuingia.

Hela ya mguu wa mama nimemtumia Zuhura, kwa hiyo usimsumbue mama kuuliza. Hati ibaki kwa baba mdogo. Na mtu anipigie picha maembe yakianza, nina hamu nayo mpaka basi.

Mdogo wako,
Rehema