Saladi ya kuku na achari: tuandikieni vitu vya sokoni kwetu

Ndugu Mhariri, salaam kwako na kwa wenzio wote hapo ofisini.

Naandika kuhusu ukurasa wenu wa mapishi wa wikiendi, na naomba barua hii muitoe maana najua siko peke yangu. Juzi mmetoa saladi ya kuku yenye achari, picha imependeza kwelikweli, lakini ukisoma mahitaji unaambiwa ununue chupa ya vitango vya siki kutoka nje, mayonezi chupa nzima, haradali ya kupaka, na majani ambayo huku Tanga hata supamaketi huyaoni, sasa mama anayetaka tu kuwafungia wanawe kitu cha shule akisoma hivyo afanyeje, si anafunua ukurasa mwingine? Na chakula chenyewe ni rahisi jamani, kila kitu kipo soko la Mgandini.

Utamu wa hii saladi uko kwenye ugwadu. Kuku wa kuchemsha akishapoa anakuwa kimya mdomoni, mayonezi nayo ni mafuta, ukivichanganya viwili hivyo unapata kitu kizito kinachokinaisha kabla hujamaliza sahani. Achari ndo inayokata yale mafuta na kuleta kitu cha kutafuna. Na kwa achari watu wa pwani hatuhitaji kwenda mbali, ya ndimu tunayo, ya embe tunayo, ya karoti na pilipili tunayo, kwa hiyo sioni kwa nini resipi ianze na chupa ya kuagiza.

Ila kama mtu anataka yale matango yenyewe ya siki, ayatengeneze. Chukua matango matatu manne yaliyokaza, membamba, yale makubwa yana mbegu na maji mengi hayafai. Kata vipande vyembamba, nyunyiza chumvi, acha kama nusu saa, utaona yametoa maji mengi, yasuuze uyakamue. Chemsha siki kikombe 1 na maji kikombe 1, sukari vijiko vikubwa 2, chumvi kijiko cha chai 1, punje kadhaa za thomu, mbegu za haradali kama unazo au za giligilani, pilipili mbichi moja iliyopasuliwa. Mimina ya moto juu ya matango kwenye chupa ya glasi iliyooshwa kwa maji ya moto, ikipoa funika tia kwenye friji, kesho yake unakula. Hiyo ni achari ya friji, inakaa kama wiki mbili, si ya kuweka kabatini miezi. Na siki someni lebo, iwe ya asilimia 5, kama ni chini ya hapo usiongeze maji. Halafu tafadhali waambieni watu wasichemshe siki kwenye sufuria ya alumini, siki inakula alumini na ladha inakuwa ya chuma, tumia ya stenlesi au ya enameli.

Sasa kuku. Wa kisasa wa kilo moja na robo anakupa minofu kama nusu kilo, inatosha watu wanne mpaka watano na mkate. Wa kienyeji ana ladha zaidi, hilo halina ubishi, ila atakaa jikoni muda mrefu na kidari chake kinakuwa kikavu, kwa saladi mi napendelea mapaja, yana mafuta kidogo hayakauki. Mtie kwenye maji baridi na chumvi, tangawizi, thomu, kipande cha kitunguu, yakichemka punguza moto yawe yanatokota taratibu tu, wa kisasa dakika 40 hivi. Wengi wanamchemsha kwa fujo, maji yanaruka, nyama inakaza afu wanasema kuku wa kisasa hana ladha. Akiiva nyama ya karibu na mfupa isiwe na wekundu, na mwenye kipimajoto achome kwenye paja penye nyama nyingi, ifike nyuzi 74. Supu usimwage, hiyo ndo pilau ya kesho.

Mnyofoe angali vuguvugu, kwa vidole, si kwa kisu, maana nyama iliyonyofolewa inashika rojo vizuri kuliko vile vipande vya mraba. Mtandaze kwenye sinia apoe upesi, kisha friji. Usichanganye akiwa na moto, mayonezi itayeyuka itoe mafuta na mtindi utakatika.

Ndio, mtindi. Hapa Tanga mtindi si tatizo, kiwanda tunacho mjini. Weka kitambaa safi juu ya kichujio, mimina mtindi, weka kwenye friji masaa matatu manne, maji yanachuruzika chini na juu unabaki na kitu kizito kama malai. Vijiko vikubwa 5 vya huo mtindi na vijiko 2 vya mayonezi kwa ile minofu yote, basi. Unapata ugwadu mara mbili, wa maziwa na wa achari, na gharama inashuka. Yale maji ya mtindi yakandieni maandazi.

Kuchanganya ndo kunataka umakini. Achari ya matango nusu kikombe, ikate ndogondogo kisha uikamue kwenye kiganja, kamua mpaka iache kudondoka, maana ukiitia na maji yake saa moja baadae bakuli lina dimbwi chini. Yale maji uliyokamua yaweke pembeni, utaongeza kijiko kimoja kimoja mwishoni huku unaonja. Kitunguu maji nusu, kikate chembamba ukioshe kwa chumvi kama cha kachumbari. Karoti iliyokwaruzwa, kotmiri, pilipili manga. Chumvi onja kwanza, achari ina chumvi yake. Anayetumia achari ya ndimu asitie nusu kikombe jamani, ile ni kali na ina chumvi nyingi, kipande kimoja kilichokatwakatwa kama punje za mchele kinatosha bakuli zima, na ya embe vijiko viwili, hiyo inaleta na utamu kidogo watoto wanaipenda. Ikae kwenye friji nusu saa kabla ya kula ili ladha ziingiane.

Mhariri, jambo ambalo kwenye ukurasa wenu sikuliona kabisa, na ndilo lililonifanya nishike kalamu, ni usalama wake kwenye joto letu. Hii saladi siku hizi ipo kwenye kila shughuli, harusi, mahafali, kipaimara, bakuli linawekwa mezani asubuhi watu wanakula saa nane mchana chini ya turubai. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya masaa 2, maana kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria wanazaana haraka, na joto la Tanga mwezi wa pili mnalijua. Nasikia watu wanasema si ina siki, siki inaua wadudu. Hapana. Siki inalinda achari ndani ya chupa kwa sababu kule ni nyingi na kila kipande kimezama humo, ukishaichanganya na nusu kilo ya kuku na mtindi imezimuliwa, haimlindi kuku tena. Na wengine wanailaumu mayonezi, mayonezi ya dukani yenyewe ina asidi, mara nyingi mwenye shida ni kuku aliyekaa nje au kibao kilichokatiwa nyama mbichi kisha kikakatiwa matango bila kuoshwa. Ile ya kutengeneza nyumbani kwa mayai mabichi ndo msiwape watoto wadogo, wajawazito na wazee, kuna hatari ya bakteria wa salmonela.

Kwa hiyo kwa shughuli beba kuku kwenye kontena lake juu ya barafu, rojo kwenye lake, changanya watu wakiwa tayari wameshanawa, na toa bakuli dogo dogo, likiisha unaleta lingine. Umeme ukikatika siku nzima na friji ikawa vuguvugu, usibahatishe. Kwenye friji inayopoza vizuri inakaa siku tatu. Lanchi boksi ya mtoto iwe na chupa ndogo ya maji yaliyoganda pembeni, na kama shule haina pa kuweka chakula baridi na mtoto anakula saa saba, mfungie kitu kingine, hii ale akirudi nyumbani.

Ombi langu basi, mkitoa mapishi mtuandikie kwa vikombe na vijiko, si gramu na mililita, wengi hatuna mizani jikoni, na pembeni ya kila kitu cha kuagiza muweke cha kwetu kinachoweza kushika nafasi yake. Mnaweza kuanza na mbirimbi, yale matunda madogo ya kijani yenye ugwadu mkali. Huku Ngamiani kuna nyumba zina mti uani unazaa mpaka zinaanguka zinaoza, na mbirimbi zikikatwa miduara myembamba, zikalala na chumvi usiku mmoja kisha zikatiwa kwenye siki ileile ya matango, ni achari safi kabisa kwa kuku, ila hapo maji ya achari usiongeze na mayonezi iwe vijiko 3, maana mbirimbi ni kali.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga