Barua kwa mwanangu aliye stoo

Mwanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Simu yako ya juzi haijanitoka kichwani. Ulisema kuna watu hapo stoo wanataka usaini mifuko 300 ya saruji wakati iliyoshushwa ni 280, na kwamba kila jioni wanakununulia chakula huku wakingoja ulainike. Nilipouliza mbona bado unakula nao, ukajibu: "Baba, usihofu, Mungu ananilinda."

Ni kweli anakulinda. Ila ulivyolitumia neno hilo ndiko kulikoninyima usingizi.

Soma Mathayo 4. Yesu yuko juu ya kinara cha hekalu, na Shetani anamwambia ajitupe chini, tena kwa andiko, Zaburi ya 91: malaika watamchukua. Sasa fungua Zaburi yenyewe, mstari wa 11: "Wakulinde katika njia zako zote." Hayo ya "katika njia zako zote" Shetani aliyaruka. Yesu akamjibu kwa Kumbukumbu la Torati, kwamba Bwana Mungu hajaribiwi. Na wewe njia yako, mwanangu, haipiti kwenye ile meza ya chipsi.

Nikwambie jambo ambalo hata mama yako alilijua baadaye sana. Kabla hujazaliwa nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi, msimu wa pamba. Mnunuzi mmoja alianza na soda. Nikajiambia soda si dhambi, mimi ni mtu wa maombi, nitasimama. Wiki ya pili akaja mjane mmoja, robota lake kalibeba kichwani, vumbi hadi kwenye kope. Mizani ikasoma 63. Mkono wangu ukaandika 61. Mama yule hakujua kusoma; akanishukuru, akakunja risiti, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Usiku ule nilishindwa kusema "Baba yetu". Asubuhi nilikwenda kwa mwenyekiti nikaungama, nikamfuata yule mama hadi kwake nikamlipa kilo zake 2. Nilitolewa kwenye mizani nikapewa ufagio wa ghala msimu mzima. Watu walinicheka. Lakini nililala.

Ndiyo maana nampenda Yusufu. Hakukaa na mke wa Potifa kujadiliana kuhusu imani. Alikimbia, vazi likabaki mkononi mwa yule mwanamke, na bado akafungwa gerezani. Ulinzi wa Mungu haukumwepusha na gereza. Ulimkuta mlemle ndani. Usiniambie basi kwamba ukikataa huenda ukafukuzwa kazi. Huenda kweli ukafukuzwa. Rudi nyumbani, shamba lipo.

1 Wakorintho 10:13 inasema pamoja na jaribu Mungu atafanya na mlango wa kutokea. Wako ninauona kuanzia hapa: kesho hesabu mifuko mwenyewe, mmoja mmoja, andika idadi uliyoiona, na baki na nakala. Saa ya kutoka ikifika, panda gari urudi chumbani. Ukiwa na njaa, pika ugali wako.

Mama yako anakutumia karanga na dagaa kwa basi la Alhamisi. Anasema ukipokea umpigie. Mimi nipigie hata usiku wa manane. Siku hizi nalala na simu chini ya mto.

Baba yako