Upepo una malipo, jirani hana

Mhariri,

Wanaosifu umeme wa upepo hapa Marekani hupenda kutaja Roscoe, mji mdogo wa wakulima wa pamba magharibi mwa Texas. Kweli una cha kuonyesha: mradi wake ulipokamilika mwaka 2009 ulikuwa na mitambo 627 yenye uwezo wa megawati 781.5, mkubwa kuliko wote duniani wakati huo. Pamba ya huko hungoja mvua, na mvua yenyewe ni ya kubahatisha. Kodi ya ardhi anayolipwa mkulima na kampuni huingia hata mwaka wa ukame, naye huendelea kulima hadi karibu na nguzo. Simlaumu aliyetia saini.

Ninayemfikiria ni jirani yake. Malipo huishia kwenye uzio. Mvumo wa mapangaboi, na taa nyekundu zinazowaka na kuzima usiku kucha, haviishii hapo. Huyu hana mkataba, kwa hiyo hana wa kumdai.

Halafu kuna kubomoa. Ni mwaka 2019 tu ndipo sheria ya Texas ilipotaka mikataba iibane kampuni kung'oa mitambo yake na kuweka dhamana ya fedha kwa kazi hiyo, tena mikataba mipya pekee. Mitambo ya Roscoe ilikuwa na miaka kumi tayari. Kampuni ikifilisika, nani atalipa?

Waandishi wako wakienda huko, wamuulize na mwenye shamba la pili, siyo mpokea hundi peke yake.

Msomaji wako,
Abilene, Texas