Tope la madini litamfikia jodari

Mhariri,

Kila unapozuka mjadala wa kuchimba madini kwenye kina kirefu cha bahari, macho yote huelekea sakafuni, kwenye vinundu, yaani mabonge madogo ya mawe yenye nikeli, kobalti, shaba na manganizi. Ni haki. Kinundu hukua milimita chache tu kwa miaka milioni. Watafiti waliilima sakafu ya bahari karibu na Peru mwaka 1989 kwa majaribio, na miaka 26 baadaye mifereji yao ilikuwa bado inaonekana.

Lakini wavuvi wana hofu nyingine, na haisikiki vya kutosha. Katika eneo la Clarion-Clipperton, kati ya Hawaii na Meksiko, vinundu vimelala mita 4,000 na zaidi chini ya maji. Mashine itavizoa, bomba litavipandisha melini, kisha maji yaliyobaki, yenye tope na vumbi la madini, yatarudishwa baharini. Yakimwagwa kwenye maji ya kati, baina ya uso wa bahari na sakafu, yatatua kwenye makazi ya planktoni (viumbe wadogo mno wanaoelea majini), ngisi na samaki wadogo, wengi wao wakipanda usiku kutafuta chakula na kushuka alfajiri. Huko ndiko jodari wa macho makubwa huzamia mchana kuwinda. Vumbi lile ni laini kiasi cha kumezwa na planktoni kama chakula, ila halina lishe. Planktoni wakidhoofika, ngisi atakula nini, na jodari je?

Tena bahari inazidi kupata joto, na watafiti wanatarajia jodari wa Pasifiki wasogee mashariki, yaani kuelekea huko huko kunakotakiwa kuchimbwa. Kwa Kiribati na Tuvalu, nchi za visiwa vya Pasifiki ambazo ada za leseni za uvuvi wa jodari zinabeba sehemu kubwa ya bajeti ya serikali, hili si jambo dogo hata kidogo.

Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, inayosimamia madini ya sakafu iliyo nje ya mipaka ya nchi yoyote na yenye makao Kingston, Jamaika, imejadili kanuni za uchimbaji kwa miaka mingi. Mwezi Aprili 2025 rais wa Marekani aliagiza vibali viharakishwe kwa sheria za nchi yake, ilhali Marekani haijaridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa sheria za bahari wa 1982, ulioiunda mamlaka hiyo. Haraka hii inanitia uchungu. Palau, Fiji na Samoa zilitaka uchimbaji usitishwe tangu 2022, na naziunga mkono. Kisitolewe kibali chochote kabla tume zinazosimamia uvuvi wa jodari hazijapewa sauti kamili kuhusu maji hayo machafu: yamwagwe kina gani, kiasi gani, na nani atawalipa wavuvi samaki wakitoweka.

Msomaji wenu