Kwa Wafula, kabla ya kura ya Jumatano

Wafula ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka Kitale. Huku palizi imekwisha, sasa tunangoja bei ya mahindi ituvunje moyo kama kawaida.

Niliposoma ujumbe wako nilijua hulali. Kiranja wa chama chenu katika bunge la kaunti anataka muizime ripoti ya pesa za soko, nawe ulikuwa kwenye kamati iliyoiandika. Unaniuliza kama kuna aliyewahi kukataa amri kama hiyo. Yupo, tena wa huku kwetu.

Ilikuwa Juni 1975. Mbunge J.M. Kariuki alikuwa ameuawa mwezi Machi, maiti yake ikapatikana Ngong, na kamati ya Elijah Mwangale ikaleta ripoti Bungeni. Inasimuliwa kwamba kabla haijawasilishwa, Mzee Kenyatta aliagiza majina mawili yafutwe. Serikali haikutaka Bunge liikubali. Kura ilipopigwa, Masinde Muliro, waziri mzima, pamoja na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu, wakaipinga serikali yao wenyewe. Serikali ikashindwa kwa kura chache tu. Wote watatu wakapigwa kalamu.

Wapo wanaosema Muliro angejiuzulu kwanza, kwa kuwa waziri hufungwa na msimamo wa serikali. Kwa kanuni, sawa. Ila mimi naona huko ni kubishania adabu za mezani na maiti iko sebuleni. Halafu kumbuka, wakati ule chama kilikuwa KANU peke yake. Hakukuwa na pa kuhamia. Siku hizi mtu anapinga mswada asubuhi, jioni ana kofia ya chama kipya. Huyo mimi simhesabu.

Sitakudanganya kuhusu matokeo. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji yale. Oktoba mwaka huohuo wabunge Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney walikamatwa palepale Bungeni kwa kusema KANU imekufa, wakakaa kizuizini hadi Desemba 1978. Muliro hata hivyo hakuzimika. Mwaka 1991 alikuwa miongoni mwa waasisi wa FORD, vuguvugu lililodai vyama vingi.

Wewe hutafungwa. Utaondolewa kwenye kamati, zile semina za Mombasa zitakupita, na barabara ya wadi yako huenda ikasahaulika kwenye bajeti. Hilo la barabara ndilo linaloniuma, maana watakaoumia ni watu wako, si wewe. Waeleze mapema, kwenye baraza, kabla wengine hawajawaeleza kwa niaba yako.

Na hao wanaokuambia chama kitakulinda, waulize kuhusu Juni 2024. Wabunge 195 waliupitisha Mswada wa Fedha wa kuongeza kodi tarehe 25, vijana wakiwa barabarani kuupinga na risasi zikilia. Kesho yake rais akakataa kuutia sahihi. Waliopiga kura ya ndiyo wakabaki na lawama mikononi, wengine nyumba na biashara zao zimechomwa.

Nitumie nakala ya ripoti kabla ya Jumatano. Kama bei ya mabati ni ile uliyonitajia, nataka kuiona kwa macho yangu, halafu niulizie hapa mjini duka gani linauza bati kwa pesa hizo.

Wasalimie mama watoto na wazee.

Wako,
Simiyu