Jumuiya Moja, Mchezaji Mmoja: Harambee ya Okestra ya Usharika

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa wana usharika, majirani, na ninyi mliohama Dar es Salaam lakini bado mnauliza habari za nyumbani.

Alfajiri ya Pasaka iliyopita matarumbeta yaliwaamsha kama ilivyo desturi. Wanaolala upande wa Barabara ya Kilwa watakumbuka kwamba safari hii yalisikika mepesi, kama mtu anayeimba bila kifua. Sababu ni tuba, tarumbeta letu kubwa la besi. Ilitoboka kwenye kona ya chini, fundi rejeta wa mtaa wa Gerezani akaiziba kwa lehemu, ikatoboka tena pembeni ya kiraka. Valvu zake mbili zimeganda kwa chumvi ya hewa yetu hii ya pwani. Kijana wetu wa besi alitembea na wenzake njia nzima akiwa ameikumbatia bila kupuliza. Nilipomuuliza kwa nini hakuiacha kanisani, alisema askari haachi bunduki nyumbani eti kwa kuwa imeishiwa risasi.

Kamati ya muziki ilikaa kujadili tuba. Tulipoinuka tulikuwa tunajadili okestra, na hilo ndilo ninaloleta kwenu.

Shaba, yaani matarumbeta, jiji hili limeizoea. Kabla hata bibi zetu hawajaolewa, vyama vya beni vya Marini na Arinoti vilishindana katika mitaa ya Dar es Salaam kwa ngoma na tarumbeta, kila upande na sare zake na vyeo vyake vya kijeshi. Wamisionari Wajerumani nao walileta matarumbeta yao ya kanisani, na ndiyo hayo tunayopuliza mpaka leo. Ila vijana wetu wanasema shaba peke yake haiwatoshi. Wanasoma nota kuliko sisi wazee tulivyowahi kusoma, na wanataka fidla, selo (fidla kubwa inayopigwa umeketi) na klarineti. Nakiri kwamba mimi katibu nilicheka. Okestra, nilidhani, ni mambo ya serikali tajiri, au ya mfalme mwenye ikulu na nafasi ya kukaa kusikiliza.

Nilikosea, na aliyenionyesha kosa langu ni mji wa Leipzig. Waluteri wenzangu wa Kilimanjaro wanaujua kwa jina, maana misioni ya Leipzig ndiyo iliyoanza kazi kule mwaka 1893. Okestra ya mji huo, inayoitwa Gewandhaus, haikuundwa na mfalme. Mwezi Machi 1743 watu 16 wa mji, wengi wao wafanyabiashara, walikubaliana kwamba kila mmoja atamlipia mpiga muziki mmoja. Watu 16, wapiga muziki 16. Bach mwenyewe, yule mtunzi mkuu wa muziki wa kanisa, alikuwa bado hai mjini humo, akiwafundisha watoto wa kwaya ya Mtakatifu Tomaso. Walianzia majumbani mwa watu, wakahamia kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni, na mwaka 1781 wakapata ukumbi ndani ya jengo la wauza vitambaa. Jina Gewandhaus maana yake ndiyo hiyo hiyo: nyumba ya vitambaa. Fikirini okestra yetu ikaja kuitwa Kariakoo kwa sababu ilianzia juu ya duka la khanga!

Kutoka hapo ilikua. Mtunzi Mendelssohn aliiongoza kuanzia mwaka 1835. Ukumbi wake wa pili ulipigwa mabomu katika vita kuu ya pili, okestra ikaendelea kupiga bila nyumba yake. Hadi leo wapiga muziki wake wanahudumu kanisani kwa Mtakatifu Tomaso pamoja na ile kwaya ya watoto, na pia katika nyumba ya opera. Lakini lililonigusa ni la mwaka 1989. Leipzig ilikuwa ndani ya Ujerumani Mashariki, na maombi ya Jumatatu katika kanisa la Mtakatifu Nikolao yalikuwa yamezaa maandamano dhidi ya serikali. Jioni ya Oktoba 9 watu wapatao 70,000 walijaa barabarani, askari wamejipanga. Kurt Masur, kiongozi wa okestra, pamoja na wenzake watano, walitoa tamko la kuomba utulivu, likatangazwa kwa vipaza sauti vya mji. Usiku ule hakuna aliyepigwa risasi. Mtu wa muziki alisikilizwa na pande zote mbili, nami nadhani ni kwa sababu mji ulikuwa umemzoea kama wa kwao.

Mtasema huko ni Ulaya. Basi twendeni Kinshasa. Mwaka 1994 kanisa la Wakimbangu lilianzisha okestra yake ya simfoni chini ya Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, mwanzilishi wa kanisa hilo. Fidla zilikuwa chache, wakazipiga kwa zamu: mmoja anafanya mazoezi, anamkabidhi mwenzake. Uzi ukikatika, walifunga waya wa breki ya baiskeli. Leo wanapiga Beethoven na watu wanatoka nchi za mbali kwenda kuwasikiliza.

Na fidla yenyewe si mgeni hapa. Waliokulia Kariakoo na Ilala wamezisikia kwenye taarabu ya vikundi vya Egyptian na Al-Watan tangu utotoni, fidla zimejipanga mstari, ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, katikati. Ndiyo maana tulipotafuta mwalimu hatukwenda mbali. Tumempata mzee wa Magomeni aliyepiga taarabu maisha yake yote. Ni Mwislamu, na aliweka sharti moja tu: mazoezi yasigongane na magharibi. Hasomi nota, anashika kwa sikio. Vijana wanamfundisha nota, yeye anawafundisha upinde, na wiki ya pili tu walikuwa wanataniana kama babu na wajukuu.

Kuna jambo jingine ambalo nalitaka mlijue kabla hamjafungua pochi. Okestra inapoanza, obo, aina ya zumari, ndiyo inayotoa nota iitwayo “la”, na wengine wote wanalinganisha vyombo vyao na sauti hiyo. Obo na klarineti nzuri huchongwa kwa mpingo, na mpingo unatoka hasa Tanzania na Msumbiji: kwetu ni Kilwa, Lindi, kusini yote ile. Mti huo huchukua miaka 70 au zaidi mpaka ufae kukatwa. Ukisimama kituoni hapa Barabara ya Kilwa unaona malori ya magogo yakielekea mjini. Mti wetu unazisawazisha okestra za dunia, na watoto wetu hawajawahi kuushika ukiwa klarineti.

Sasa ombi. Tunataka wapiga muziki 16, kama wale wa Leipzig: fidla kumi, viola mbili (ni fidla kubwa kidogo), selo mbili na klarineti mbili. Besi la nyuzi tumeliacha kwa sasa. Tuba ikipona itabeba kazi hiyo. Kamati imepiga hesabu ya shilingi 600,000 kwa kila mchezaji, kwa chombo, nyuzi za akiba na nauli ya mwalimu ya mwaka mzima. Selo ni ghali kuliko hapo na fidla ni nafuu, tumechanganya. Jumla ni shilingi 9,600,000.

Usharika una jumuiya 14. Tunaomba kila jumuiya imchukue mtoto mmoja kama mchezaji wake, imjue kwa jina, imuulize maendeleo yake kwenye ibada ya Alhamisi, na imgombeze akikosa mazoezi. Wanabaki wawili. Hao ni wenu mnaosoma mkiwa nje ya usharika, hata nje ya kanisa. Mkijikusanya ishirini kwa mtoto mmoja, kila mmoja anatoa 30,000 tu.

Chombo kitakuwa mali ya usharika na kitaandikwa kwenye daftari. Mtoto akihama, fidla inabaki. Nasema hivi kwa sababu tuna historia na magitaa.

Harambee ni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao. Bahasha ziko kwa wazee wa kanisa, ahadi zinaandikwa kwa mhazini, na namba ya kulipia kwa simu imebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ipokeeni hapo au kwa mhazini mwenyewe, si kwenye ujumbe mnaotumiwa na msiyemjua. Matengenezo ya tuba tumeyaachia mnada baada ya ibada ya pili. Kinamama wameshaahidi mayai, mkungu wa ndizi na jogoo mmoja mwenye sifa mbaya, hivyo njooni na fedha taslimu.

Anayetaka kuwasikia watoto kabla hajatoa, mazoezi ni kila Jumamosi saa nane mchana, chini ya mwembe, maana ukumbini siku hizo kuna harusi. Fidla zilizopo kwa sasa ni mbili, za kuazima. Mkiwakuta kumi na nne wamekaa na wawili tu wanapiga, msidhani wamegoma. Wanasubiri zamu.